Enesi na Ng'ombe Wake Aliyeisha Meno

Shemeji yangu Enesi alikuwa na ng'ombe mzee kiasi kwamba watu waliopita mtaani kwetu Mpemba kwa miguu walisimama kumtazama. Aliitwa Tulia. Nyonga zilimtokeza kama vishikio vya mkokoteni, mgongo ulibonyea katikati, na pembe zilikuwa na pete nyingi hata nikaacha kuzihesabu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nina hakika, kwa sababu alikuja akiwa ndama mwaka ambao Ruti, binti wa kwanza wa Enesi, aliolewa ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde. Mimi ndiye niliyesimama kuwapokea ng'ombe wa mahari, maana kaka yangu Boazi, mume wa Enesi, alikuwa hoi kitandani.

Kati ya ng'ombe wale, mmoja alikuwa wa mama, naye ndiye Tulia. Siku hizi vijana wanaleta bahasha, mama anashukuru, anaitia kwenye mkoba na mambo yamekwisha. Katika ukoo wetu ng'ombe wa mama alikuwa na sheria zake. Hauzwi wala hachinjwi. Na wakati wa kiangazi chakula chake kinatoka mkononi mwa mama mwenyewe, si mkononi mwa mkwe wala kibarua. Mama akimwachia mtu mwingine kazi hiyo, ni kama ametangaza kwamba binti yake hakuwa kitu.

Enesi alilishika jambo hilo miaka kumi na tisa. Boazi akafa, watoto wakatawanyika. Aliyebaki karibu ni kitinda mimba, Clever, ambaye kazi yake ni kushughulikia karatasi za malori pale mpakani. Clever amejenga huko Chapwa, nyumba ya vigae, na kila alipokuja kumsalimu mama yake alikuja na maneno yale yale.

"Mama, njoo ukae kwangu. Maji yako ndani, umeme upo, wajukuu wapo."

"Na Tulia atalala sebuleni?"

"Mama, yule ng'ombe amekwisha."

"Na mimi je? Nimeanza jana?"

Enesi naye alikuwa na jambo jingine lililokwama kwa ajili ya Tulia. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitalini Vwawa walishamwambia kwamba wanaweza kumpasua akaona tena. Alikataa. Alisema atakapolala na bandeji usoni nani atamlisha Tulia? Nilijitolea mara moja. Akanijibu, "Wewe utamlisha mihadhara."

Niseme kidogo kuhusu mihadhara hiyo. Mimi niliishia darasa la nne. Mengine nimeyasoma mwenyewe kwenye vijitabu vya ufugaji vya enzi za ushirika, ambavyo bado ninavyo ndani ya debe, na panya wamekula kurasa chache tu. Kwa hiyo najua kinachomuua ng'ombe mzee. Magego yanalika mpaka yanakuwa bapa. Anatafuna, hasagi. Utamwona anadondosha vitonge vya majani yaliyolowa mate, hajavimeza. Ukivunja samadi yake kwa kijiti unakuta majani marefu mle ndani yametoka kama yalivyoingia. Tumbo limejaa na mwili unakufa njaa. Mwenye ng'ombe anasema amerogwa, anamwita mchinjaji.

Enesi hakusoma kijitabu chochote, lakini alimweka Tulia hai kwa kazi ya mikono. Katikati ya Aprili, mvua ikiachia siku mbili tatu, alishuka bondeni na mundu kukata majani yangali laini, kabla hayajatoa mbegu. Aliyaanika, akayageuza, na kabla hayajapoteza ukijani wake aliyafunga miganda na kuipanga kichanjani, juu ya jiko la nje, moshi ukipita. Kila mganda ulifungwa kwa majani yenyewe, yaliyosokotwa. Na mganda haukufunguliwa. Uliwekwa juu ya gogo vile vile ulivyofungwa, ukakatwa kwa panga vipande vya urefu wa kidole, na kile kifungo kikakatwa pamoja nao kikaingia kwenye karai. Kamba yenyewe ilikuwa chakula. Kisha alinyunyizia maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akayaacha yalainike, akampa Tulia kidogo asubuhi, kidogo adhuhuri, kidogo jioni. Maji ya kunywa alimpa kwanza, tena yasiwe ya baridi, maana huku kwetu baridi ya Juni si mchezo.

Hayo yote yalihitaji bonde. Bonde lile lilikuwa nyuma ya barabara kuu, na tangu utoto wangu lilikuwa la kila mtu. Kwanza walikuja waliopima viwanja. Wakafuata waliopuliza dawa ya magugu, majani yakageuka rangi ya kutu. Mwaka huu mwezi wa pili likaja greda. Sasa ni uwanja wa kuegesha malori yanayosubiri kuvuka. Nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa nikauliza ng'ombe watakula wapi. Kijana mmoja akasema, "Mzee, ng'ombe siku hizi wananunuliwa chakula." Watu wakacheka. Nilikaa chini. Sijui hata kwa nini nilisimama.

Aprili ikapita bila kukata. Kichanja kikawa kitupu kwa mara ya kwanza. Mwezi wa saba Clever akaja na Canter iliyojaa marobota ya hei, majani makavu ya kununua, aliyoagiza kutoka bondeni Momba. Nakubali kwamba alifanya vizuri kwa mama yake, ingawa kumwambia hivyo kulinishinda. Nilichomoa majani kidogo nikayanusa. Hayakunukia kitu. Mabua yalikuwa manene, mbegu zimeshapukutika.

"Hii si hei," nikamwambia. "Huu ni ufagio."

"Baba mdogo, wewe hata mbinguni utakagua majani."

"Yamekatwa yamechelewa. Ng'ombe asiye na meno atayafanyaje?"

"Atayafanya kama anavyofanya siku zote. Mama atayakatakata." Kisha akashusha na gunia la pumba. "Na hii ya kumnenepesha."

Nilimweleza kuhusu pumba. Nilimwambia kwamba ng'ombe mzee akipewa pumba nyingi kwa ghafla tumbo linachachuka. Alikuwa ameshaanza kuongea na simu.

Enesi akamwita. "Clever, asante mwanangu. Mungu akubariki." Akapapasa robota kwa viganja viwili, kama mtu anayepima mtoto homa. "Ni magumu, lakini tutayalainisha."

Kesho yake asubuhi nilikuwepo uani kwake. Aliweka robota zito juu ya gogo, limebanwa kwa kamba mbili za rangi ya majani makavu, zenye manyoya kidogo. Vidole vyake vikasimama hapo.

"Shemeji, kamba ya nini hii?"

Niliigusa. Rangi ilikuwa ya katani, ugumu ulikuwa wa katani. Tangu nizaliwe, kamba ya kufungia mzigo yenye rangi ile ilikuwa katani. Sikuinama kuitazama vizuri.

"Katani," nikasema. "Ni mmea tu. Kata."

"Una hakika?"

"Nilianza kukata majani kabla hujaolewa."

"Na tangu siku hiyo hujanyamaza," akasema, akacheka, akashusha panga.

Akakata kama alivyokata maisha yake yote, mganda na kifungo chake. Niliona panga likiteleza juu ya kamba mara mbili tatu, kamba ikaingia ndani ya karai vipande virefu. Nikamwambia panga lake butu, nikalichukua nikalinoa. Hapo ndipo ilipaswa akili inijie, kwa sababu katani hukatika hata kwa panga butu. Lakini nilikuwa nimeshasema, na mtu akishasema mbele ya wengine hutafuta sababu nyingine.

Wiki sita Tulia alikula hei ile. Hakunenepa, lakini alisimama, alicheua, na asubuhi aliitikia sauti ya karai. Mwishoni mwa mwezi wa nane akaacha kucheua. Niliketi nikamtazama tangu asubuhi hadi adhuhuri na taya halikusogea. Ubavu wa kushoto ulijaa, si kwa kujaa upepo, bali kama unga uliokandwa. Samadi ikawa vigololi vikavu vyenye ute.

Nilimlaumu Clever na pumba zake. Nilisema hivyo kwa sauti, kwa Enesi na kwa kila aliyepita. Tulimnywesha mafuta ya kula. Tulimtembeza uani, tukamsugua ubavu kwa ngumi. Jirani yetu Gwalugano, ambaye huchinja sikukuu zikifika, alikuja akasimama langoni mikono nyuma.

"Mzee, huyu wa kuchinja huyu."

"Umekuja kupima nyama?"

"Nimekuja kupima akili zenu."

 Enesi aliketi kwenye kigoda karibu na kichwa cha Tulia akimtoa inzi machoni, ingawa yeye mwenyewe inzi alimsikia tu, hakumwona.

Tulimpigia simu afisa mifugo. Anahudumia kata tatu kwa pikipiki moja. Alifika siku ya tatu. Niliandaa maneno ya kumpokelea, nikaona ni binti mdogo, Fausta jina lake, suruali imejaa vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa kweli, babu. Mnisamehe."

Maneno yangu yote yakakosa pa kwenda. Akaanza kazi. Akabonyeza ubavu kwa ngumi, alama ya ngumi ikabaki pale pale. Akasikiliza kwa muda mrefu. Akaniuliza mnamlisha nini, nami nikamweleza kuanzia bonde, greda, hei iliyokatwa imekomaa, hadi pumba. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo silizoei. Akauliza pumba kiasi gani. Enesi akasema, "Kopo moja kwa siku. Huyu shemeji yangu hakuniruhusu zaidi." Fausta akasema kopo moja halifanyi hivi.

Akavaa glovu ndefu, akatoa samadi kidogo ndani, akaivunja kiganjani. Ukabaki uzi. Akauvuta, ukawa mrefu kama penseli.

"Hii nini?"

"Kamba ya robota," nikasema. "Katani."

Akaisuuza, akaomba kiberiti. Aliiwasha mbele yangu. Haikuungua kama mmea. Ilijikunja, ikayeyuka, ikawa tone jeusi gumu, na harufu ikawa ile ya mfuko wa plastiki unaochomwa jalalani.

"Ni nailoni, babu. Wanaitengeneza kwa rangi hiyo. Mmekuwa mkizifungua kabla ya kumpa?"

 Nilitazama chini ya kichanja, ambako palipaswa kuwa na rundo la kamba kutoka marobota yote yaliyokwisha kuliwa. Hapakuwa na hata moja.

Enesi akauliza, "Zipo nyingi tumboni?"

"Siwezi kujua bila kufungua, bibi."

"Basi fungua."

"Angekuwa na nguvu ningejaribu. Hupasuliwa akiwa amesimama, unazitoa, unashona, anapona. Huyu amekonda mno. Atanifia mikononi, na mtapoteza hata nyama."

"Kuna dawa ya kuzitoa?"

"Hakuna, bibi. Nailoni haisagiki wala haiyeyuki tumboni. Zitakaa hapo hapo."

 Enesi alipapasa shingo ya Tulia kuelekea chini, hadi kwenye ngozi inayoning'inia kifuani. Kisha akasema, "Mwiteni Gwalugano. Leo, akiwa bado anasimama."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo. "Enesi, ng'ombe wa mama hachinjwi."

Aligeuza uso upande wangu. "Sheria hiyo hiyo ilisema nimlishe kwa mkono wangu. Nimemlisha. Si umeona?"

Gwalugano alikuja na kisu na wanaume wawili. Hakutania tena. Enesi alishika kamba ya kichwani mpaka mwisho, tukamwomba aondoke, hakuondoka. Fausta alikagua nyama, akasema inafaa. Tumbo lilipofunguliwa, Gwalugano aliingiza mikono yote miwili, akatoa kitu cha ukubwa wa boga, cha kijani kibichi, kizito. Nyuzi zilikuwa zimejisokota na majani ndani yake, zimekazana kama kiota. Watoto wa jirani walitaka kukipiga teke. Niliwafukuza.

Clever alifika alasiri na Canter. Alisimama mbele ya kile kitu, mikono kiunoni.

"Nani alimpa kamba?"

"Mimi," Enesi akasema. "Sikuziona."

Nikasema, "Aliniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia ni katani, akate."

"Nyamaza, shemeji."

"Sinyamazi. Alizigusa, akaniuliza. Nilimjibu bila kutazama."

Clever alinitazama, na usoni mwake niliona huruma, kitu ambacho sijawahi kukihitaji kutoka kwake. "Baba mdogo, usimkingie kifua. Wewe? Wewe ambaye umetusimanga kuhusu majani tangu tukiwa wadogo? Wewe usiijue nailoni?"

"Sikuijua."

"Haya." Lile haya lilikuwa la kumfunga mtoto mdomo. Miaka yote nimeongea hakuna aliyenisikiliza, na siku niliyosema nimekosea hakuna aliyeniamini.

Akamgeukia mama yake. "Mama, umeona sasa. Leo ni ng'ombe. Kesho utachanganya sumu ya panya na unga. Panda gari. Nguo tutachukua baadaye. Hapa umemaliza."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake angeitambua kamba ile kwa vidole, kwamba vidole vyake vilishaitilia shaka, na kilichomshinda si macho bali ni kuniheshimu mimi.  Huyo ndiye mtu ambaye angeng'olewa nyumbani kwake, kutoka kwenye kaburi la mumewe na shamba lake la kahawa, kwa sababu ya neno langu moja.

Enesi alikuwa ananawa mikono kwenye beseni. Hakuharakisha. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa khanga.

"Clever, unasema tatizo ni macho?"

"Ni macho, mama. Ni nini kingine?"

"Basi nipeleke Vwawa wanipasue."

Clever akashtuka. "Tangu lini unataka?"

"Nilikataa kwa ajili ya Tulia. Tulia huyo hapo, kwenye majani ya migomba. Yule binti amesema ng'ombe mzee hapasuliwi. Mimi ninapasuliwa. Au nawe huniamini kama usivyomwamini baba yako mdogo?"

"Mama, mimi nilisema uje kukaa."

"Nimekusikia. Nitakaa kwako mpaka kidonda kipone. Kisha nikiona, narudi. Nisipoona, utanizika mahali unapotaka."

"Mama, usiseme hivyo."

"Basi washa gari."

Alipanda mbele, akashikilia mlango kwa mikono miwili. Hakula hata kipande cha nyama ile, na hakuniaga. Alimwambia Gwalugano mguu wa mbele upelekwe kwa Ruti, Nakonde, na kwamba asithubutu kuukata kidogo kidogo njiani.

Sasa ni wiki ya tano. Jicho moja limepasuliwa, linaona. Clever ananipigia kila Jumapili baada ya ibada. Anasema la pili linasubiri zamu, anasema wajukuu wamemzoea, anasema kuna televisheni. Hasemi lini anarudi, nami nikimuuliza anasema tusimharakishe. Najua namna hiyo ya kusema. Bonde letu liliondoka kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Nilibaki na mitamba wake wawili ambao hawajazaa bado, wajukuu wa Tulia, na marobota saba. Nilikata kamba zote kwa kisu, moja moja, nikazihesabu kumi na nne, nikazitupa chooni ili hata upepo usizirudishe. Kisha nikawa nakata majani kila asubuhi, ingawa mitamba wale wana meno mazima na hawahitaji kukatiwa.

Jumapili iliyopita nilimwambia Clever anipe mama yake.

"Shemeji," akasema. Sauti yake ilikuwa na nguvu. "Nani anawalisha mitamba wangu?"

"Mimi."

"Unawakatia?"

"Kila asubuhi."

"Acha. Wale wana meno. Wafungulie watembee, wajitafutie. Wewe wafuate tu nyuma, na usiwaambie la kula."

Nilisikia wajukuu wakicheka nyuma yake. Sikucheka. Nilimuuliza lini anarudi, akasema, "Jicho la pili likiwa tayari," na Clever akaichukua simu.

Kesho yake nilifungua zizi. Wale wawili walisimama langoni muda, hawajui waelekee wapi. Kisha wakakata kushoto, wakafuata ukingo wa uwanja wa malori, mahali ambapo greda liliacha mstari mwembamba wa majani kando ya ukuta, nami nikaenda nyuma yao.